Tumechonga pia ya sentimita 40 kwa mkono hapa Mbeya: njooni tujadili umbo, mti, ncha na kamba

Tezo_Butu (mleta uzi)

Wakuu heshima kwenu, na wazee wote humu shikamooni.

Ile pia kubwa ya mbao, yaani ule mchezo wa watoto unaozunguka kwa ncha, iliyo kwenye video inayosambaa kwenye simu za watu, inayovutwa kwa kamba ndani ya karakana, ni yetu. Imechongwa Mbalizi kwa tezo, randa, patasi na msasa. Hakuna mashine ya kukereza iliyoigusa. Maswali yamekuwa mengi, na kuna waliotoa povu kwamba ni ujanja wa video, kwa hiyo naleta uzi mmoja tuyamalize hapa.

Vipimo kwanza. Kipenyo sm 40. Mwili ni wa mbao za paina, una unene wa sm 15, halafu kwa chini unashuka kikoni cha sm 8 tu hadi kwenye ncha. Juu kuna shingo ya mpera yenye kipenyo cha sm 10, hapo ndipo kamba inapozungushiwa. Ukingoni imevalishwa ringi ya chuma. Nzima ina kilo 14 hivi. Ikivutwa vizuri inasimama zaidi ya dakika sita ndipo inaanza kulewa.

Jambo ninalotaka lieleweke mapema ni hili: ukichukua pia ya mtoto ukaikuza mara kumi hupati pia kubwa, unapata gogo linaloanguka. Ile ya mtoto ni ndefu, imechongoka kama karoti, na haianguki kwa sababu mwenyewe yuko pembeni anaichapa. Hii kubwa nani ataichapa? Inapata nguvu mara moja tu, kamba ikivutwa, basi. Kwa hiyo iwe bapa na ikae chini. Niliona watu wanajadili mbao gani, rangi gani, vanishi gani, kumbe kazi yote iko kwenye umbo.

Karibuni. Nitashuka kidogo kidogo, karakana ina wateja.

Kande_Moto

Naweka kiti mbele kabisa. Ila mleta mada, watu wanatafuta hela ya mbolea, wewe unachonga pia? 😂

Tezo_Butu

@Kande_Moto mbolea nimeshanunua mkuu. Kaa utulie.

Dada_wa_Tukuyu

Umenikumbusha mbali. Sisi kwetu tulichonga kwa mti wa mpera kwa sababu haupasuki ovyo, mjeledi wake kijiti na kamba ya mgomba. Ukikosea pigo moja inaruka mtaroni, na mitaro ya Tukuyu mnaijua, mvua haikatiki.

Lakini kaka, hoja yako ya ubapa siiafiki moja kwa moja. Zetu zilikuwa ndefu, na ukishaichapa vizuri ukaiacha, inasimama yenyewe muda wa kutosha. Kama urefu ni tatizo, mbona zile zilisimama?

Tezo_Butu

Swali zuri hilo dada. Mimi najua kwa mkono tu, hesabu namwachia mwalimu wetu. @Mwl_wa_Zamu upo?

Mwl_wa_Zamu

Nipo, nilikuwa nasahihisha.

Dada yuko sahihi na fundi yuko sahihi. Pia ina spidi ya chini kabisa ambayo ikishuka hapo haiwezi kusimama wima. Spidi hiyo inategemea mambo matatu. La kwanza, kitovu cha uzito kiko juu kiasi gani kutoka kwenye ncha. La pili, ugumu wa kuilaza ubavu ukiwa umeishika kwenye ncha. La tatu, ugumu wa kuizungusha kwenye mhimili wake yenyewe. Mawili ya kwanza yakikua, unahitaji spidi zaidi. La tatu likikua, unahitaji spidi ndogo.

Sasa nimepiga hesabu ya pia mbili zenye kipenyo cha sm 40, bila shingo wala ringi. Zote juu zina unene wa sm 15. Moja ina koni ndefu ya sm 25 chini, nyingine ina koni ya sm 8 kama ya fundi. Ile ndefu inataka karibu mizunguko 560 kwa dakika ili isimame. Ile fupi inatosheka na karibu 220.

Ya utotoni kwa dada tuifanye sm 4, umbo lilelile la koni ndefu. Ukipunguza pia mara kumi, spidi inayotakiwa inapanda kwa kipeuo cha pili cha 10, yaani mara 3.16. Inafika kama 1,800 kwa dakika. Inaonekana kubwa, lakini kapia kenyewe kana gramu 15 tu. Kamba ya mgomba ikipita ubavuni kwa mita 5 kwa sekunde inaweza kukafikisha zaidi ya 2,000. Mtoto anafanya hivyo bila jasho. Sasa nenda kaipe kilo 15 mizunguko 560 kwa mkono wako, ndipo utamwelewa fundi.

Kitu kingine kitakachowashangaza wauza mbao: uzito wa mti haumo kwenye hesabu hiyo. Unajifuta juu na chini. Pia ya paina na pia ya mninga zikiwa na umbo moja zinahitaji spidi ileile kusimama.

Kamwene_Mafinga

Kamwene wakuu.

Mwalimu hapo umenigusa kwenye mfuko. Mimi niko na mbao za Sao Hill miaka yote, na sijawahi kuona mtu anachonga kitu cha kuzunguka kwa paina. Paina ni mbao ya kenchi. Kwa nini usitumie mwati? Njombe miwati imejaa, mti mzito, mgumu, unang'aa ukipigwa msasa. Au mlingoti (mkaratusi) uliokomaa. Halafu naona kwenye picha mmebandika vipande vipande. Kitu kinachozunguka kwa kasi unakibandika kwa gundi? Gogo moja zima ndiyo kazi ya kiume.

Dada_wa_Tukuyu

Kazi ya kiume tena 🙄

Tezo_Butu

@Kamwene_Mafinga nikujibu kwa adabu maana mbao zako ndizo tunazonunua.

Gogo zima la sm 40 lina kiini katikati. Mti ukikauka unasinyaa kufuata mzunguko wa pete zake karibu mara mbili ya unavyosinyaa kuelekea kwenye kiini. Tofauti hiyo lazima itokee mahali, na inatokea kama ufa, kutoka kwenye ganda kuelekea ndani. Unaweza kupaka nta ya mishumaa au rangi ya mafuta kwenye vichwa vya gogo, ukalilaza kivulini, ukachelewesha. Kulizuia kabisa sahau. Na gogo nene halikauki leo wala mwakani. Vitabu vya maseremala wa Ulaya vinasema mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Kwetu kukavu zaidi kuanzia Juni hadi Oktoba, kwa hiyo ni haraka kidogo, lakini haraka hiyohiyo ndiyo inayopasua.

Mbao za 2x6 zimeshakauka, unaziona zilivyo, yenye fundo unaiacha dukani. Pia yote imetoka kwenye mbao mbili za futi 12. Matabaka matano, kila tabaka vipande vitatu vya sm 45 vilivyolaliana ubavu. Kila tabaka nimelizungusha kidogo juu ya lililotangulia ili maungio yasifuatane. Hivyo hata ukibaki udhaifu mahali, haupiti kutoka juu mpaka chini.

Kuhusu gundi: gundi nyeupe ya mbao, uso umerandwa mpaka vipande viwili vikigusana huoni mwanga. Sina klempu za kutosha, nimebana kwa mbao mbili nene na bolti nne ndefu, nikakaza kwa spana mpaka gundi ikatoka pande zote sawasawa. Angalizo kwa watu wa Mbeya na Makete: gundi hiyo haipendi baridi. Julai usiku unashuka chini ya nyuzi 10, gundi inageuka chokaa nyeupe na haishiki. Bandika asubuhi jua likishatoka, lala nayo ndani.

Kamwene_Mafinga

Hapo kwenye ufa sibishi, nimeona magogo yakilia usiku ghalani kama mtu anavunja kuni.

Basi ngoja na mimi niongeze kitu ambacho seremala wengi hawakijui. Hata usingeogopa ufa, paina la mlimani halifai kwa kazi hii. Mufindi kote ni miteremko. Paina lililoegemea mteremko hujenga mbao nzito na nyekundu upande wa bondeni, ili lijinyooshe, na kiini chake hakikai katikati, kinasogea upande wa mlimani. Ukikata kichwa cha gogo unaona pete nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Chonga duara kamili kutoka hapo, upande mmoja utakuwa mzito daima. Milingoti nayo inafanya kinyume, inajivuta kwa upande wa juu. Kwa hiyo ukienda ghalani usiangalie ubao kwa ubapa wake tu, angalia kichwa chake. Pete ziwe zinalingana, na usiwe na ule mstari mwekundu mpana.

Tezo_Butu

Hii nilikuwa siijui kwa jina ila nimeikuta kwa mkono. Kuna mbao ukiiranda inakataa, inatoa unga badala ya maranda. Ndiyo hiyo.

Mlinzi_Ghalani

Niko Kihesa, nafuatilia. Swali la mtu asiye fundi: bila mashine ya kukereza mmefanyaje iwe duara? Mimi hata chapati haitoki duara.

Tezo_Butu

Hapa ndipo nilitaka kufika. Andaa chai.

Unaanza na mraba. Chora mistari miwili ya pembe kwa pembe, pale inapokutana ndiyo kati, toboa tundu dogo. Usipoteze tundu hilo mpaka mwisho wa kazi. Kisha pembenane: weka ncha ya bikari kwenye kona ya mraba, ifungue mpaka ifike kati, halafu zungusha ikate pande mbili zinazotoka kwenye kona hiyo. Fanya kona zote nne. Unganisha alama na kata pembe kwa msumeno. Kwa mraba wa sm 40 utaondoa karibu sm 11.7 kila upande wa kona. Kutoka nane nenda kumi na sita kwa randa, macho tu yanatosha. Kutoka hapo ni tezo.

Sasa upo kwenye kitu kinachofanana na duara lakini si duara. Toboa katikati, ingiza mhimili wako. Wa kwetu ni kipande kimoja cha mpera kilichopita mwili mzima: juu sm 10 ndiyo shingo, ndani kimepunguzwa hadi sm 6, chini kinatokea kubeba ncha. Kwenye vichwa viwili vya mhimili piga misumari minene iliyonyooka, kisha lalisha yote kwenye nguzo mbili zenye mfereji, ili pia izunguke ikiwa imelala ubavu.

Chukua chaki, ifunge kwenye kipande cha mbao kilichotulia, isogeze mpaka ikaribie ukingo wa pia bila kugusa. Zungusha pia kwa mkono taratibu. Mahali palipotokeza patagusa chaki na kuchukua weupe. Mahali pengine patapita patupu. Simamisha, randa pale peupe tu, vipande vyembamba vya kuona mwanga, usiguse pengine. Futa. Sogeza chaki kidogo. Zungusha tena. Mwanzoni alama inakuwa doa moja kubwa upande mmoja, baadaye inagawanyika, madoa mawili, matatu, halafu siku moja unazungusha na chaki inaacha mstari mwembamba kuzunguka pia yote bila kukatika. Hapo weka randa chini, chukua msasa.

Hakuna siri nyingine. Ukiwa na haraka ya kuondoa zaidi ya doa, umejitengenezea doa upande wa pili.

Koni ya chini ni utaratibu uleule, chaki unaiweka kwa mshazari.

Mlinzi_Ghalani

Ndaga fijo fundi. Nimeelewa hata mimi.

Chomelea_Uyole

Na sisi wa chuma tuseme. Ringi niliifunga mimi.

Chuma bapa cha upana wa mm 40 na unene wa mm 5. Ukikizungusha kwenye kipenyo hicho ni karibu kilo 2. Nilikikunja, nikachomelea maungio, nikasaga kwa grainda ndani na nje. Siri ni hii: kipenyo cha ndani nilikiacha kidogo kuliko cha mbao kama milimita moja na nusu. Ukikipima kibaridi hakiingii hata ukipigie nyundo. Kisha tukakilaza juu ya mkaa, kuzunguka kote, mpaka kikawa chekundu cha giza. Hapo kinatanuka kama milimita 3 kwenye kipenyo. Watu wawili na koleo, tunakiteremsha juu ya pia, kinaingia chenyewe, moshi kidogo, haraka maji. Kikipoa kinaikaba mbao mpaka unasikia inalia.

Mbao iwe imekauka kweli. Ikija kusinyaa baadaye ringi inalegea na skrubu hazitakusaidia.

Mwl_wa_Zamu

Hizo kilo 2 ziko ukingoni kabisa, mahali pazuri kuliko pote. Uzito wa pia umeongezeka kidogo, lakini ugumu wa kuibadilisha mzunguko umeongezeka kwa zaidi ya theluthi. Kilo hizohizo ungeziweka karibu na mhimili zisingefanya kazi yoyote ya maana. Kwa hiyo mwati wa Kamwene hauna haja, uzito unaotakiwa ni wa ukingoni.

Hata wenzetu wa Malaysia wanalijua hilo. Pia zao wanaita gasing, na huko Kelantan kuna zile za mashindano ya kukaa muda mrefu, bapa kama sahani, zinafika kilo 5, zenye madini mazito ukingoni. Mrushaji anaitupa kwa kamba, mwenzake anaikokota upesi kwa kibao chembamba na kuihamishia juu ya kiguzo kifupi chenye kikombe cha chuma. Ikikaa vizuri hapo inaweza kuzunguka hadi saa mbili.

Kande_Moto

Saa mbili? Ya fundi dakika sita? Fundi, wanakucheka huko 😂

Tezo_Butu

Wacha wacheke, wana miaka mingi kwenye hiyo kazi. Ila hilo la kikombe cha chuma linanipa nafasi ya kusema kuhusu ncha.

Ncha ya mbao kwenye saruji inajisaga, inakuwa bapa, na ikishakuwa bapa inakula spidi. Ncha kali ya msumari inachimba sakafu. Mimi nimeweka gololi ya chuma kutoka kwenye beringi kubwa ya gari, nimeizamisha nusu kwenye kikombe kilichochomelewa na Chomelea. Gololi inagusa mahali padogo sana, ngumu kwa ngumu, na tone la grisi. Unaweza kusikia tofauti: kwenye saruji tupu pia inanguruma, kwenye chuma inanong'ona.

Tatizo la pili ni kwamba inatembea. Sakafu ikiwa na mteremko mdogo tu, kilo 14 zinaanza safari ya kwenda mlangoni. Dawa yake imekuwa disiki ya zamani ya plau la trekta, ile iliyobonyea. Imezibwa tundu la katikati, ikasagwa ikalainika, ikalazwa kwenye mchanga na kupimwa kwa pima maji. Pia ikitaka kutembea inarudishwa katikati na mbonyeo wenyewe. Watu wa Mbarali na Uyole disiki hizo mnazo, zimetupwa nyuma ya nyumba.

Dada_wa_Tukuyu

Na mizani? Nimeona kwenye video haitetemeki kabisa. Kwa bibi yangu tulikuwa tunaielea kwenye ndoo ya maji, upande mzito unageuka chini.

Tezo_Butu

Bibi alikuwa fundi. Njia ni hiyohiyo, ila maji na mbao iliyobandikwa sipendi viwe marafiki. Mimi nimelaza misumari ya mhimili juu ya vyuma viwili vya pembe vilivyopimwa maji, nikaiacha pia ijizungushe yenyewe. Inasimama upande mzito ukiwa chini. Natia alama. Naisukuma tena, ikisimama palepale, alama ni ya kweli. Kisha natoboa kwa keekee upande huo, tundu fupi ndani ya koni pasipoonekana, kidogo kidogo, mpaka pia isipokuwa na upande inaoupenda. Wengine wanaongeza risasi upande mwepesi. Zote sawa, ila kutoboa hakuongezi kitu kinachoweza kuchomoka.

Mlinzi_Ghalani

Twende kwenye kamba sasa. Nilidhani kamba inazungushiwa kwenye tumbo la pia, ndipo penye nguvu.

Tezo_Butu

Kila mtu anadhani hivyo. Mwalimu mweleze.

Mwl_wa_Zamu

Tumboni ni rahisi kuianzisha, kweli, lakini hufiki mbali. Mtu anayekimbia na kamba anakwenda kama mita 5 kwa sekunde. Kamba ikiwa kwenye ukingo, sm 20 kutoka kati, spidi hiyo inakupa karibu mizunguko 240 kwa dakika, hata uwe na misuli gani. Pia inataka 220 ili isimame. Umebaki na nini? Ukiihamishia kwenye shingo, sm 5 kutoka kati, mita 3 tu kwa sekunde zinakupa zaidi ya 570. Mwanzo unakuwa mzito, mwisho unakuwa mtamu.

Kamba ya mita 5 kwenye shingo ya sm 10 ni karibu mizunguko 16. Nguvu inayotakiwa ni wastani wa kilo 10 na kidogo kwa mita zote tano, mbali na msuguano. Mtu mmoja anaweza.

Hesabu za vitu vinavyozunguka kwenye nukta moja si mchezo wa watoto, msiidharau kazi ya fundi. Sofia Kovalevskaya, Mrusi, mwaka 1888 alipewa tuzo na Akademia ya Sayansi ya Ufaransa kwa kutatua aina moja ya pia ambayo waliomtangulia hawakuitatua. Kiwango cha tuzo waliongeza, kutoka faranga 3,000 hadi 5,000.

Tezo_Butu

Kwa vitendo: kamba ya katani, si ya nailoni. Katani ina manyoya, inashika mbao. Nailoni inateleza, mizunguko ya mwanzo inapotea bure. Ilowanishe kidogo. Usifunge fundo, mwisho wa kamba uingize kwenye tundu la shingo ulilotoboa kwa mshazari, ili kamba ikiisha ijichomoe yenyewe. Fundo likinasa, kamba inaanza kujizungusha upande wa pili na inakuvuta wewe.

Juu ya shingo kuna kijiti cha chuma kinachoingia kwenye mshikio, ubao mrefu wenye tundu lililopakwa grisi. Mtu mmoja anashika mshikio kwa mikono miwili pia isilale, wa pili anavuta. Anayevuta asianze kwa kushtua. Aanze pole, aongeze akienda, hatua ya mwisho ndiyo iwe kali kuliko zote. Kamba ikichomoka, mwenye mshikio anaunyanyua wima moja kwa moja. Akiupeleka pembeni hata kidogo, pia inaondoka imelewa.

Dada_wa_Tukuyu

Na watoto waliokaa chini pembeni kwenye video? Hilo mimi limenikera.

Tezo_Butu

Umesema kweli, na sasa hawaingii. Pia ikiwa kwenye spidi ile imebeba nguvu sawa na ya kuiangusha yenyewe kutoka juu ya paa la nyumba ya kawaida. Ikilala inakimbia ubavu ikiwa na ringi ya chuma. Tumezungushia magurudumu ya zamani ya gari, na anayevuta anavaa buti, si kandambili.

Kamwene_Mafinga

Sawa, nimekubali paina. Sasa natoa changamoto: mbao natoa mimi bure, mchonge ya sm 60 mje Mafinga, tuivute mbele ya watu. Au twende sm 80 kabisa.

Mwl_wa_Zamu

Ukikuza kila kitu mara mbili, ugumu wa kuizungusha unakuwa mara 32. Spidi inayotakiwa inashuka hadi kama asilimia 71 ya mwanzo, hilo ni la heri, lakini nguvu ya kuingiza inabaki mara 16. Kamba nayo ikiwa ndefu mara mbili, mvuto ni mara 8. Sm 80 ni kilo 80 na zaidi kwenye kamba, na pia yenyewe inapita kilo 110. Sm 60 ni ya kibinadamu: pia ya kilo 47 hivi, mvuto kama kilo 35, kamba ya mita 7 na nusu.

Chomelea_Uyole

Ringi ya sm 60 naiweza. Mkaa nani analipa?

Kamwene_Mafinga

Mkaa nalipa. Wavutaji wawili natoa, vijana wa kupakia magogo.

Tezo_Butu

Tumekubaliana sm 60. Kamwene nichagulie 2x8 zisizo na mstari mwekundu, vichwa nivione kwa picha kabla hujapakia. Mshikio utahitaji watu wawili, na kilo 47 hazipakizwi kwenye bodaboda, kwa hiyo na gari la kuileta Mafinga liko juu yako.